Tundu la Sikio na Jicho la Mama

Swali moja hurudi kila mwaka katika mikutano yetu hapa Kambove, hasa likizo kubwa inapokaribia: je, kutoboa mwili ni dhambi? Anayeuliza hasemi juu ya ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, ambayo wasichana wengi wa kwetu hutogwa wangali wachanga kwa sindano na uzi. Anasema juu ya tundu la pili na la tatu, juu ya ukingo mgumu wa sikio, juu ya pua na kitovu, na juu ya mvulana anayetaka hereni kama dada zake. Hapo mmoja husimama na Walawi 19:28, panapokatazwa kujichanja mwili kwa ajili ya wafu. Mwingine humjibu kwa Mwanzo 24, ambapo mtumishi wa Abrahamu anamvika Rebeka pete puani na hakuna anayemkemea. Wa tatu hukumbusha kwamba ndama wa dhahabu katika Kutoka 32 alitengenezwa kwa pete za masikioni mwa wake, wana na mabinti wa Israeli. Mjadala huwa mrefu, giza huingia, na kila mtu hurudi nyumbani na jibu lilelile alilokuja nalo.

Sikusudii kuufunga mjadala huo. Nakusudia kuweka kando yake swali jingine ambalo huulizwa mara chache: tundu likiisha kutobolewa, nani analitazama? Maana siku ileile sindano inapopita, hoja ya ruhusa inakuwa ya jana, na kinachobaki mbele yetu ni jeraha. Jeraha halijui kama lilipewa ruhusa. Linataka maji safi, mikono safi, muda, na jicho la mtu.

Tuanze na huo muda, kwa kuwa ndio unaodanganya wengi. Kutoboa ni jambo la dakika moja, lakini kupona ni safari. Chuma kikiisha kupita, ngozi huanza kujenga kuta za njia mpya, ikitoka kwenye midomo miwili ya tundu na kuelekea katikati. Kwa sababu hiyo nje hukauka kwanza, na ndani hubaki pabichi kwa muda mrefu baada ya mwenye jeraha kuacha kusikia maumivu. Ndewe, iliyo na damu nyingi, huhitaji wiki 6 hadi 8. Ukingo wa juu wa sikio ni jambo jingine. Humo ndani mna gegedu, ule mfupa laini usio na mishipa ya damu ya kwake, bali hulishwa na utando mwembamba unaoufunika. Damu ndiyo inayobeba askari wa mwili, na ndiyo inayobeba dawa tunayomeza; pasipo damu ya kutosha, wote wawili hufika wamechelewa. Kwa hiyo tundu la gegedu kwa kawaida hutaka miezi 6 hadi mwaka mzima, na la kitovu vivyo hivyo. La pua hutaka miezi 4 hadi 6, na pengine zaidi. Kijana anayetobolewa ukingo wa sikio mwezi wa saba, vumbi likiwa limetanda juu ya barabara zetu, yawezekana bado atakuwa anauguza jeraha lake Pasaka ikifika.

Nayasema haya kwa sababu yaliingia katika lupango letu. Binti wa kwanza wa yaya wangu alikuwa na miaka 17, naye alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa serikali. Kwa fedha aliyoipata akiuza vitumbua, alikwenda kwa kijana mmoja anayetoboa watu kando ya soko, akatobolewa ukingo wa juu wa sikio la kushoto kwa kile chombo kinachofanana na bastola. Jioni alirudi na kidoa cha chuma kinachong'aa. Yaya alipokiona hakupiga kelele. Alitamka maneno matatu ya wahenga: «Sikio halipiti kichwa.» Kisha akaongeza kwamba hataki kuliona sikio lile tena mbele ya macho yake.

Binti alitii. Alijifunga kitambaa kichwani, akakaa nacho mchana na usiku, jikoni na kanisani. Mama hakuliona sikio tena, kama alivyotaka, wala mtu mwingine yeyote hakuliona.

Siku ya kumi nilitambua kwamba analalia shavu la kulia tu, na kwamba asubuhi hachani nywele za upande wa kushoto. Nilimkuta nyuma ya nyumba akijipaka kitu kwa kidole, huku akijitazama katika kioo cha pikipiki kilichovunjika. Nikamwambia: «Mwanangu, fungua nione.» Akajibu: «Mama mdogo, mama alisema hataki kuliona.» Nikamwambia: «Mama hataki kuona tundu. Mimi naomba kuona sikio.» Basi akafungua.

Sehemu ya juu ya sikio ilikuwa imevimba hata mikunjo yake imepotea. Ilikuwa ya moto, ngozi imevutika na kung'aa, na kuizunguka hereni palitoka usaha wa kijani wenye harufu. Ndewe, pale chini, ilikuwa nzima kabisa, kana kwamba ni ya sikio jingine. Kwa siku kumi binti alikuwa amejitibu peke yake kwa kila alichosikia kwa wenzake: spiriti asubuhi, dawa ya meno usiku, unga wa kidonge cha antibiotiki kilichofunguliwa na kumwagwa juu ya kidonda, na kuizungusha hereni mara kwa mara ili isigande. Yote aliyafanya kwa bidii, na hakuna lililomsaidia. Spiriti huunguza ngozi changa inayojaribu kuota. Dawa ya meno na unga hukauka na kuziba mlango ambao uchafu ungetokea. Hereni ikizungushwa huchana upya kile ambacho mwili umekishona usiku kucha, na huingiza ndani uchafu uliokuwa nje.

Muuguzi wa kituo cha afya alimtazama bila neno la lawama. Alitueleza kwamba ndewe ikibaki nzima huku sehemu ya juu ikivimba, hiyo ni dalili kwamba ugonjwa umeshika gegedu lenyewe na utando wake, na kwamba hapo hapana nafasi ya kungoja. Akatuandikia karatasi ya kwenda Likasi siku ileile. Yaya alikuja nasi. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika, daktari alianza kulikamua na kuliosha jeraha, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Nilimwona yaya akitoa simu yake, akiwasha taa, na kuielekeza penye lile sikio ambalo alikuwa amesema hataki kuliona. Alishika taa hiyo mpaka kazi ikaisha, mkono wake ukitetemeka, macho yake hayakuhama.

Daktari ndiye aliyeamua kuitoa hereni, akampa binti dawa inayolingana na kijidudu cha namna ile, kwa maana si kila antibiotiki inakiweza. Alituambia kwamba gegedu likikosa chakula chake kwa siku chache hufa, na sikio hujikunja lisirudi tena katika umbo lake. Sikio la binti lilipona. Lina kibonyo kidogo juu, ambacho hukioni usipoelezwa. Wakati wa kurudi, yaya alinong'ona nami katika basi: «Tundu silitaki hata leo. Lakini sikio hilo nililizaa mimi.»

Vijana wapendwa, neno hilo nimelitafakari mara nyingi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Walikuwa wakimwonya mgonjwa. Lakini kila anayeficha ana mtu anayemficha, na mara nyingi ni yule aliyemkasirikia. Binti yetu hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa na jeraha ambalo halikuwa na mahali pa kuonyeshwa.

Hatari hii si ya Kambove peke yake. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon huko Marekani, watu waliotobolewa masikio katika kibanda kimoja cha biashara walianza kuugua. Wachunguzi wa afya walithibitisha wagonjwa 7, waliotobolewa gegedu la juu la sikio, na wengi wao walikuwa wa rika lenu. Kijidudu kilichowashika, Pseudomonas aeruginosa, hupenda kukaa penye majimaji. Nacho kilipatikana katika chupa ya kunyunyizia dawa ileile iliyotumika kusafishia masikio. Dawa za kwanza walizopewa wengi wao hazikukiua, na baadhi walilazwa, wakapasuliwa, wakabaki na masikio yaliyoharibika umbo. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye hospitali nyingi, kwa watu walionyunyiziwa dawa mbele ya macho yao, basi chupa iliyo juu ya meza ya sokoni haitoshi kutupa imani.

Sasa nawaeleza jinsi tulivyofanya mara ya pili, kwa maana Mungu alitujalia mara ya pili. Mdogo wake yule binti, mwenye miaka 11, alikuwa hakutogwa utotoni kwa kuwa alizaliwa dhaifu. Mwaka uliofuata aliomba kutogwa ndewe kabla ya Komunyo ya Kwanza. Yaya alinyamaza kwa siku mbili, kisha akakubali kwa masharti: kazi ifanyike mchana, mikononi mwa muuguzi, na yeye mwenyewe ayaone masikio kila siku mpaka yapone. Uangalizi wa kila siku aliukabidhi kwa dada mkubwa. Alisema anayejua njia yenye shimo ndiye atangulie.

Dada mkubwa alianza kabla ya sindano. Alitafuta karatasi ya chanjo ya mdogo wake ili ajue kama kinga ya pepopunda imekamilika, kwa sababu mbegu za ugonjwa huo hukaa katika udongo na vumbi, na vumbi ndilo hewa yetu ya kiangazi. Alimwomba muuguzi sindano mpya, itolewe katika kifuko chake mbele yao, na baada ya kazi itupwe. Ombi hilo halikuwa la kiburi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, juu ya kitu kinachoonekana kikavu na safi. Homa ya ini aina ya C na virusi vya UKIMWI navyo hupita katika damu. Kile chombo cha bastola hakifai, hata kikiwa kinang'aa. Mwili wake wa plastiki hauwezi kustahimili mvuke wa moto unaoua vijidudu vyote, nacho hakikati ngozi kama sindano, bali husukuma kwa nguvu ncha butu ya hereni. Ndewe hustahimili pigo hilo vibaya. Gegedu huweza kupasuka.

Kisha likaja suala la chuma chenyewe. Sisi wa Kambove tunaishi juu ya madini, na kujipamba kwa madini si jambo geni katika Katanga. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958, yalikutwa mapambo ya shaba yaliyozikwa pamoja na wenyewe. Hata hivyo si kila chuma kinafaa kukaa ndani ya jeraha bichi. Shaba hutoa kutu ya kijani ikikutana na jasho. Hereni za bei nafuu, chini ya rangi yao ya dhahabu, mara nyingi zina nikeli, ambayo huyeyuka kidogo kidogo katika majimaji ya jeraha. Mwili ukiisha kuikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote, hata katika kifungo cha suruali na mkanda wa saa. Kobalti, ambayo malori huibeba kila siku mbele ya milango yetu, huweza kuleta shida ileile. Mwaka 1994 nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria ya kupunguza nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi, na kwa namna ya pekee katika vile vinavyovaliwa ndani ya tundu lisilopona. Kwa jeraha jipya, hufaa titaniamu ya aina inayotumiwa na madaktari ndani ya mwili, au dhahabu ya kweli ya karati 14 na zaidi isiyochanganywa na nikeli. Yaya aliuza kitenge kimoja, akanunua jozi ndogo sana ya dhahabu.

Utunzaji wenyewe ulikuwa mchache kuliko nilivyotazamia. Asubuhi na jioni dada mkubwa alinawa mikono kwa sabuni, ndipo akagusa. Alilowesha kitambaa safi cha hospitali kwa maji ya serumu yenye chumvi ya asilimia 0.9, ileile inayotundikwa kwa wagonjwa, akakiweka juu ya tundu, mbele na nyuma, mpaka ukoko ulainike na kutoka wenyewe. Kisha alikausha polepole. Siku serumu ilipokwisha, yaya alichemsha maji, akayaacha yapoe katika chombo kilichofunikwa, na kuweka robo ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Hakuzidisha, kwa maana chumvi nyingi hukausha na kuunguza. Baada ya hapo masikio yaliachwa. Hereni haikuzungushwa wala kusukumwa. Chama cha watoboaji wa taaluma hiyo, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1994, nacho hufundisha hivyo: maji ya chumvi yaliyo safi, na mikono mbali.

Kuacha ndiko kulikokuwa kugumu. Mtoto alitaka kugusa. Majirani walileta mafuta, majivu na maneno. Dada mkubwa alishukuru kwa kila kimoja na hakutumia hata kimoja. Alibadilisha foronya kila baada ya siku chache, akamfunga mdogo wake nywele nyuma, akamzuia kuoga mtoni, na alipotoka penye vumbi la malori alimfunika kwa kitambaa kilichofuliwa, akakiondoa mara tu walipofika nyumbani. Kwa hiyo, vijana wapendwa, kitambaa chenyewe hakina kosa. Kile cha kwanza kilificha, na hiki kilikinga.

Kila jioni kabla ya sala ya familia, mtoto alikwenda kwa mama yake, akainamisha kichwa upande wa kulia, kisha wa kushoto. Yaya alivaa miwani, akatazama. Alijifunza kutofautisha. Majimaji meupe au ya manjano hafifu, yanayokauka na kuwa ukoko kuzunguka hereni, ni kazi ya kawaida ya mwili unaojiponya. Vivyo hivyo wekundu kidogo na maumivu madogo ya siku za kwanza. Lakini wekundu unaotambaa, joto, uvimbe unaoongezeka, maumivu yanayopiga kama moyo, usaha mzito wenye harufu, au homa, hayo huita muuguzi siku hiyohiyo. Tena mtu asiivue hereni mwenyewe kwa hofu, kwa maana tundu huweza kujifunga nje na kuufungia usaha ndani. Aende nayo sikioni, na mganga aamue. Jambo la mwisho ni kovu linalovimba na kukua kupita mpaka wa jeraha. Sisi wenye ngozi nyeusi hulipata zaidi kuliko wengine, nalo hurithiwa katika jamaa. Ambaye mama au kaka yake ana kovu la namna hiyo, afikiri mara mbili kabla ya kutoboa.

Wiki ya tatu mtoto alikuja akicheka. Masikio hayakuuma tena, ukoko umekwisha, naye alikuwa ameazimwa hereni ndefu za kuvaa Jumapili. Kwa macho yangu alikuwa amepona. Dada mkubwa alimketisha akamwambia: «Nje pamepona. Ndani bado. Ukitoa sasa unachana ukuta ambao haujakauka.» Mtoto alilia kidogo. Jumapili ile alikwenda kanisani na vile vidoa vyake vidogo. Wiki ya tisa yaya mwenyewe alimvalisha zile ndefu, na zikapita bila tone la damu.

Sikuona ubishi wowote juu ya mamlaka ya mama katika nyumba ile. Yaya ni yuleyule: tundu la ukingo wa sikio bado halitaki, na mabinti wake wanajua. Kilichobadilika ni kwamba anaweza kusema «hapana» na bado akaonyeshwa jeraha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, hufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba yatupasa kuzitunza kwa busara, tukifikiri pia mahitaji ya wengine. Zawadi iliyokabidhiwa haiachi kuwa zawadi kwa sababu imekwaruzwa. Anayeipenda huiokota, huipangusa vumbi, ndipo huuliza ilianguka vipi. Mpangilio huo ni wa maana: kwanza sikio, kisha swali.

Na katika Kutoka 21 mna tundu jingine ambalo vikundi vyetu hulisahau. Mtumwa aliyefikia mwaka wa uhuru wake, akikataa kuondoka kwa kuwa anampenda bwana wake, mke wake na watoto wake, huletwa penye mlango au mwimo wa mlango, na bwana wake hulitoboa sikio lake. Sisemi kwamba hereni za leo zina maana hiyo. Natazama mahali tu. Jambo lile lilifanyika mlangoni pa nyumba ya watu atakaoendelea kuishi nao. Jeraha lile lilikuwa na nyumba.

Kijana anayejifunza kwamba jeraha la sikio ni la kufichwa, amejifunza somo atakalolitumia tena. Kesho atakuwa na deni, au ujauzito, au kikohozi kisichokwisha tangu aliposhuka shimoni kutafuta madini, naye anajua tayari jinsi kitambaa kinavyofungwa. Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio na wadogo nyumbani: msiwe wepesi wa kucheka tundu la mtu mbele ya wengine. Nawaomba pia ninyi mliokwisha kutoboa, kwa ruhusa au bila ruhusa: mtafuteni leo mtu mzima mmoja mtakayemwonyesha. Kama si mama, basi mama mdogo, shangazi, nkambo, au muuguzi. Lawama hudumu siku chache. Gegedu likifa halirudi.

Mkikutana katika vikundi vyenu, kabla ya kuanza tena mjadala wa Walawi na Rebeka, kila mmoja aulize nyumbani iliko karatasi yake ya chanjo. Kisha tazameni mliokaa pamoja nao. Yupo anayelalia upande mmoja tu. Mwambieni kwa upole afungue mwone, na mtu mmoja aende naye kwa muuguzi kabla ya giza.